Sirage ya Chini ya Gari

Ninyi vijana munaopaki gari mbele ya kanisa yetu ya Schaerbeek, hapa Brussels, munaniona nashuka tramu, munapiga kelele toka mbali: "Papa Sirage! Papa Sirage, bonjour!" Munanipa mikono miwili, wengine munainamisha kichwa. Munafikiri ni jina ya sifa. Mumoja wenu aliniuliza kama naitwa vile juu ya viatu vyangu kung'aa. Nikacheka. Nilicheka kama muntu anayeumwa jino.

Viatu vyangu vinang'aa, ni kweli. Muntu wa Likasi, kule Congo, hatoki nyumbani na viatu vya vumbi. Lakini sirage ya jina yangu, hiyo rangi ya kung'arisha, haikuwa ya viatu. Ilikuwa ya magari ya Japon, tena ya chini ya gari, kule ambako macho ya muntu hayafiki. Kila mara munaponiita vile, nasikia haya mpaka kwenye mifupa. Na kila mara munaongeza: "Papa, ninunue gari gani? Ya Japon ao ya hapa?" Bon. Siwezi kujibu hiyo swali bila kupita kwenye hiyo jina. Donc tupite.

Mimi sikusoma. Niliishia mwaka wa nne wa primaire, nikaingia garage ya Papa Ngoie kule Likasi, na kila kitu nilicho nacho nilikitoa kwenye hii mikono miwili. Papa Ngoie alinifundisha kusikiliza. Alikuwa anachukua turnevisi ndefu, ile ya kufungulia skrubu, ncha anaigusisha moteur, injini yenyewe, mpini anauweka kwenye sikio, kama docteur. Anafunga macho. Kisha anasema: "Silinda ya tatu inalia njaa ya mafuta." Tunafungua: ni ile ya tatu. Siku moja aliniambia, "Ilunga, gari inasema yote. Shida inakuya wakati fundi anasema kuliko gari." Neno hiyo niliibeba toka Likasi mpaka Brussels. Kuibeba nilibeba. Kuifuata, hapana.

Munapaswa kujua kwamba kule kwetu gari haikufi na kutu. Jua iko, vumbi nyekundu iko, na mvua ikinyesha inakauka. Gari ya Katanga inakufa magoti: mashimo ya barabara yanakula ressorts, zile springi, yanakula rotules, viungo vya magurudumu, mwisho gari inatembea upande kama kaa. Lakini bati inabaki. Nimeona gari haina moteur, haina viti, kuku wanataga mayai ndani, na bati yake nzima kabisa. Kwa hiyo mimi nilijifunza kuangalia moteur na magoti. Bati ya chini, nani aliwahi kuniambia niiangalie?

Mwaka wangu wa kwanza hapa, wakati wa baridi, nikaona kitu nyeupe kwenye milango ya gari. Nikafikiri unga. Nikaweka kidole, nikaonja. Chumvi! Nikaenda mbio kwa Kabongo.

Huyu Kabongo ni rafiki yangu, muntu wa Lubumbashi, alikuwa anatumika kwenye fabrique ya magari ya hapa mujini, pale ambapo bati ya gari mpya inazamishwa ndani ya dawa kabla ya kupakwa rangi. Alitembelea gari iliyotoka mulemule, gari ya hapa hapa, na alijivuna nayo kama aliizaa yeye mwenyewe. Mimi na yeye tulikuwa chui na mbuzi, lakini hatukukubaliana nani chui.

"Kabongo! Hawa wazungu banatia barabara chumvi sawa mboga!"

"Ndiyo, njo vile, inayeyusha glace, ile barafu. Lakini inakula bati, mupenzi."

"Bati ya kwenu, oui. Ya Japon haiogopi chumvi. Japon ni kisiwa! Bantu ya kule banaishi ndani ya chumvi!"

"Ilunga," Kabongo akasema, "siku moja ulale chini ya gari, uangalie."

"Fundi analala chini ya gari iliyoharibika. Ya Japon haiharibiki."

Vijana, hiyo jibu niliipenda sana. Niliirudilia miaka.

Alafu nikafungua atelier yangu ya kutengeneza gari, dépôt moja nyuma ya nyumba, Schaerbeek, na wateja wangu walikuwa watu wa kanisa. Gari ya hapa nilikataa kuigusa. "Sipotezi wakati yangu na makopo," nilisema. Na sikuwa natoa uongo yote. Moteur ya Japon ya zile miaka, deux mille, elfu mbili, na kidogo, ilikuwa kitu ya heshima. Baridi inauma, unageuza funguo, inaitika mara moja kama mutoto mwenye adabu. Ndani yake unaona kila kitu, mukono unaingia. Gari ya Kabongo, lo! Taa za tableau mbele ya dereva ziliwaka zote sawa Noël. Anataka kugeuka kushoto, essuie-glace inaanza kufuta kioo, na jua inawaka. Kioo cha mulango kilikuwa kinashuka peke yake kwenye feu rouge, taa nyekundu ya barabara, na Kabongo anajifanya alitaka hewa.

"Kabongo, gari yako iko na pepo. Ipeleke kwa padri."

"Courant tu, umeme. Mwili iko nzima. Angalia chini."

"Angalia chini, angalia chini! Uliangusha nini?"

Watu walicheka. Walikuwa wanacheka upande wangu, na kicheko ya watu ni tamu, inalevya.

Sasa nawaingiza Maman Furaha. Muntu wa Bukavu, ulimi wake ni mukali kama wembe, alifika hapa mukimbizi na kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa anahudumia wazee ku Evere, mutaa ya jirani: kuwaosha, kuwavalisha, kuwapa chai yao. Kazi ya kuanza wakati bus ya kwanza haijatoka. Bila gari, hakuna kazi. Kaka yake alitaka kumuuzia gari ya hapa, nzuri tu. Mimi nikasema, "Hapana, Maman. Chukua Japon, utaniombea." Akachukua Japon juu ya neno yangu. Hiyo muikumbuke.

Siku moja gari yake iko juu kwenye cric, ile jeki, anachungulia chini, anasema: "Papa Ilunga, iko mubaya hapa! Juu costume na tai, chini soksi za matundu."

Neno hiyo iliniingia. Sisi watu wa Congo, munatujua: muntu anaweza kukosa sukari nyumbani, lakini hawezi kukosa nguo. Na gari ni nguo. Nikachukua gudroni nyeusi, ile ya kuziba paa, nikaipasha na huile, mafuta ya zamani ya moteur, nikachukua brosi, nikapakaa chini yote. Ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikiwa mulemule nikaona, chini ya milango, pande zote mbili, matundu madogo. Ile sehemu chini ya mulango, ile unayokanyaga ukiingia, ni bati iliyokunjwa, ndani iko wazi kama bomba. Na chini yake kuna matundu. Nikasema kwa moyo: tazama, hata Wajapon wanasahau. Waliacha matundu, chumvi itaingia. Nikayaziba. Moja moja, na kidole, gudroni nzito, nikasugua vizuri. Mimi wa mwaka wa nne wa primaire nikasahihisha kazi ya fabrique nzima.

Maman Furaha akafurahi. Jumapili akawaonyesha wengine. Vijana, mungeona ile siku: wababa wenye costume na tai wamechutama mbele ya kanisa, vichwa chini ya gari, wanasema "Eh! Eh! Propre! Safi!" Toka ile siku kila muntu mwenye gari ya Japon alitaka sirage. Kabla ya baridi walinipigia simu toka Evere, mpaka toka muji ya Liège: "Papa Sirage, uko na nafasi?" Njo pale jina ilizaliwa. Na mimi nilijaza kifua. Gari ya Kabongo sikuipakaa. Hakuomba, na mimi singetoa.

Ikapita miaka. Alafu magari yakaanza kuanguka. Ya mumoja, contrôle technique, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ikaikatalia: chini imeoza. Ya mwingine, cric iliingia ndani ya bati kama kidole ndani ya papai. Moteur inaimba, mwili unaoza! Na ya Kabongo, ile kopo yenye pepo, inapita contrôle kila mwaka, inapiga essuie-glace yake kwenye jua na kwenda.

Nilisema nini mimi? Nilisema: "Japon ya sasa si Japon ya zamani. Wanakata bati nyembamba sawa karatasi." Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, kama muntu aliyetoka Japon jana. Na watu wa kanisa wakanisikiliza, wengi wakauza, wakanunua gari ya hapa. Mupaka leo kuna wazee wanawaambia ninyi "Japon iliharibika," na hawajui ni mukono ya nani iliiharibisha. Nilitukana watu wa mbali ambao kosa yao ilikuwa kuacha matundu ya kutoa maji.

Zamu ya Maman Furaha ikafika. Contrôle ikampa carte rouge, karatasi nyekundu, na siku chache za kutengeneza na kurudi. Akakuya kwangu karatasi mukononi, amekasirika.

"Papa Ilunga, yule muzungu wa contrôle anasema chini imeoza. Imeoza namna gani, na sirage yako kila mwaka?"

"Anakubagua tu, Maman. Ameona ngozi, hakuona gari."

Ndiyo, vijana, nilisema vile. Ubaguzi iko hapa, wote tunaijua, na juu ya kuwa iko kweli, si vizuri kuiazima ili kufunika ujinga wako. Mimi niliiazima. Kisha nikachukua brosi nikaongeza sirage mpya juu ya ile ya zamani, nikamwambia twende pamoja, nitasimama pale, huyo muzungu atanitazama machoni.

Tukaenda. Foleni ya magari nyuma yetu, watu wamesimama. Gari ikapanda juu ya shimo, muzungu akashuka chini na nyundo yake ndogo. Muntu wa makamo, mutulivu. Mimi mikono nimeikunja. Akaanza kugonga bati: ko, ko, ko. Mbele, katikati. Ko, ko. Alafu chini ya mulango wa dereva: pu.

Mimi ni muntu wa masikio. Ile pu niliisikia kabla yake. Chuma nzima inajibu ko. Ile ilijibu kama embe iliyolala chini siku nyingi. Papa Ngoie alikuwa amekufa zamani, lakini nilimuona amefunga macho.

Muzungu akakwaruza sirage yangu na turnevisi, akatafuta, akasukuma. Maji ikatoka. Nyekundu sawa chai bila maziwa, ikamwagika kwenye viatu vyake, na haikuisha haraka. Akanusa kidole. Akapanda, akauliza kwa français, polepole: "Nani aliziba haya matundu?"

Na Maman Furaha akasimama wima, akanionyesha na mukono wazi, kama muntu anayemuonyesha mutoto wake aliyefaulu: "C'est lui, monsieur! Papa Ilunga. Njo fundi yetu sisi wote. Kazi yake ni propre."

Aliona wananishambulia, akanitetea.

Muzungu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekuwa na kitu ya kushika. Akanieleza kama muntu anayeeleza mutoto: matundu yanaachwa makusudi. Maji ya mvua na ya barabara inaingia kila mara, kwa gari yote, ya Japon, ya hapa, ya mbinguni. Inapaswa kutoka. Ukiziba, chumvi inalala ndani na kula bati toka ndani, na kwa nje unaona rangi nyeusi yenye kung'aa.

Watu wa foleni walikuwa wanasikia. Na mimi nikajibu nini?

Nikasema: "Je sais." Najua.

Ilinitoka peke yake. Muntu asiyesoma anaogopa kuitwa mujinga kuliko kuitwa mubaya.

Maman Furaha akanigeukia. Sura yake ikabadilika polepole, sawa maji inavyoganda.

"Unajua?" akasema. "Papa Ilunga. Ulijua, na uliziba?"

Nilikuwa na neno moja tu ya kusema, ndogo, hata mutoto anaiweza. Nikaiacha, nikaangalia viatu vyangu. Maman akachukua karatasi yake nyekundu ya pili na akaenda kutafuta bus.

Wiki ile hakunipigia simu, na mimi sikumupigia. Nilisikia kwamba anaenda Evere kwa miguu, giza, baridi, juu wazee wale hawawezi kungoja bus ili waoshwe. Na nilisikia kitu ya kunichoma zaidi: watu wanasema Ilunga aliharibu magari makusudi ili watu warudi kwake kila mwaka. Nani aliwapa hiyo? Mimi mwenyewe, na maneno mawili ya français.

Jumapili nilifika kanisani kabla ya wote, nimevaa salopette ya kazi, na waya ngumu mukononi. Watu walipotoka misa walinikuta nimelala chini ya gari ya kwanza, miguu nje, natoboa matundu. Maji nyekundu inatiririka kwenye mawe ya pavé. Walijipanga wakatazama. Hakuna aliyecheka. Ningetoa chochote wacheke. Alafu nikasikia muntu analala kando yangu, anapumua nzito. Kabongo, na costume yake ya Jumapili.

"Leta waya," akasema.

"Sema basi. Sema uliniambia niangalie chini."

"Leta waya, Ilunga. Baridi iko."

Tulitoboa yote yaliyokuwa pale. Mengine bati ilibomoka na sirage, tukawaambia wenye gari wasiitembeze tena. Nilipotoka chini, Maman Furaha alikuwa amesimama kando ya mulango ya kanisa. Nikasema, si kwake tu, kwa wote, juu niliharibu mbele ya watu: "Sikujua. Nilisema najua, nilidanganya. Sikujua haya matundu ni ya nini. Nilifikiri wamesahau."

Vijana, nimeinua moteur na mikono, nimebeba boîte ya vitesse, sanduku ya gia, kwenye kifua. Hiyo "sikujua" njo kitu nzito kuliko yote niliyowahi kuinua.

Sasa jibu yenu, juu mumengoja. Gari ya Japon inakufa kutoka chini, gari ya hapa inakufa kutoka kwenye courant. Bati ya hapa ilizamishwa ndani ya zinc, Kabongo hakudanganya. Ya Japon ya zile miaka ilikuwa moteur ya chuma ndani ya shati nyepesi, hata bila mukono yangu ingeoza kidogo. Ukinunua occasion, gari iliyokwisha kutumika, usimupigie muuzaji simu kabla, asiipashe moteur moto; ukifika gusa kwanza capot, kifuniko ya moteur, iwe baridi. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteur: ukiona kitu sawa mayonnaise, maji imeingia ndani; aga, nenda. Nyanyua tapis ya chini ya miguu, nusa kama kuna unyevu. Kisha lala chini. Costume ao si costume, lala chini, gonga, sikiliza kama ni ko ao ni pu. Baridi ikiisha, osha chini na maji safi, na matundu chini ya mulango yapitishe waya. Mengine wanawaambia kwenye téléphone, sawa tu. Lakini téléphone hailali chini.

Mwisho, ya Maman Furaha. Gari yangu mimi mwenyewe ilikuwa ya Japon, sawa na yake. Ile sikuwahi kuipakaa: fundi hana wakati ya gari yake. Chini ilikuwa mubaya, chafu, na nzima. Matundu yote wazi. Nikampelekea, nikaweka funguo juu ya capot mbele ya nyumba yake.

"Chukua, Maman. Hii iko nzima. Naapa."

Aliangalia funguo. Hakuigusa. Aliingia nyumbani, nikafikiri imeisha, nikaanza kutafuta njia ya kuondoka na ile haya yangu. Akatoka na carton ya zamani na turnevisi, turnevisi mupya, ya kununuliwa. Akatandika carton chini, akakunja pagne yake ya kitenge kati ya magoti, akalala, akaingia chini ya gari yangu. Majirani wako kwenye madirisha. Nikasikia mpini wa turnevisi: ko. Ko. Ko. Hakuacha hata sehemu moja. Mimi nimesimama pale sawa mutoto anayengojea bulletin ya masomo.

Kisha sauti yake ikatoka chini. Miaka yote ile, wengine wakiniita ile jina, yeye alikuwa ananiita Papa Ilunga.

"Papa Sirage," akasema, "huku giza. Leta taa."

Nikaleta taa.